Pini ya Kuke

Mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza wiki ile ya mwisho kabla sijakabidhi spana zangu: "Mzee Mbwana, hizi baiskeli za Kiingereza za zamani mbona hazina adabu? Pini ya hii haiingii kwenye ile, na zote zimetoka kiwanda kimoja." Wenzake wakacheka. Mimi nikasema nitawaandikia, nanyi mkadhani nimesema hivyo ili nipate njia ya kupita. Haya, nimeandika. Mengi humu ni habari ya chuma. Mengine si ya chuma, wala hamkuniuliza, ila nimejaribu kuyatenga nikashindwa.

Niliingia kazi hii mwanzo wa miaka ya arobaini, vita vya Wazungu vikiwa vimepamba moto. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, mchukuzi wa Marikiti, nabeba magunia ya vitunguu, na mgongo ulikuwa umeanza kunisema. Duka lilikuwa Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho baiskeli mbili hazipishani mpaka wenyewe wasalimiane kwanza. Mwenye duka aliitwa Seth Hasanali, Muhindi Muislamu, mtu wa sala na wa maneno machache. Mbele aliuza baiskeli mpya, nyuma tukitengeneza kuukuu. Fundi mkuu alikuwa Fundi Shee, mzaliwa wa mtaa ule ule, mrefu, mkavu, na kofia yake nyeupe haikuingia doa la mafuta hata siku moja. Mpaka leo sijui alifanyaje.

Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kitambaa na kitovu cha gurudumu la nyuma kilichofunguliwa, akaniambia, "Hesabu gololi, uzioshe, uzirudishe. Ikipungua moja n'takwambia ni ipi." Nikazihesabu, nikaziosha, na kweli ikapungua moja. Nilipiga magoti kuisaka sakafuni, nikapekua takataka, jasho likanitoka. Kumbe alikuwa nayo mkononi, ameichukua nilipogeuka. "Fundi asohesabu mara mbili, mwanangu, huyo ni mchukuzi," akasema mbele ya wateja, naye ajua nilikotoka. Watu wakacheka. Nilitia gololi zile mahali pake nikiwa nimevimba kwa hasira, na sikuisahau siku ile, ingawa tangu siku ile sijapoteza gololi.

Sasa sikilizeni habari ya vyuma. Baiskeli ya kabla ya vita ilitengenezwa na watu waliokuwa na wakati. Usukani wake, rimu zake, mikono yake ya pedeli, vyote vilipakwa ule weupe mzito unaong'aa hata baada ya miaka kumi ya chumvi ya Mombasa. Mnyororo ulikaa ndani ya sanduku lake la bati, unaogelea mafuta, kanzu haiguswi. Kila kitovu kilikuwa na kifuniko kidogo cha kutilia mafuta. Unakisukuma kwa ukucha, unatia matone mawili, unakifunga. Breki zilikuwa za vyuma, fito kwa fito kutoka mkononi mpaka kwenye rimu, hakuna waya wa kukatika. Tandiko lilikuwa la ngozi yenye unene wa kidole, linauma mwaka wa kwanza kisha linamkaa mtu maisha yake yote. Na ile pini inayoushika mkono wa pedeli kwenye mtaimbo wake ilikuwa chuma kigumu hasa. Ukiigonga mara moja, umemaliza.

Kisha weupe ukakatika. Kile kidogo kilichofika kwa meli kilikuwa cheusi chote, kimepakwa rangi badala ya kung'arishwa, kana kwamba baiskeli zimefiwa. Sanduku la mnyororo likaondoka, likaja kipande cha bati kama nusu sahani. Vifuniko vya mafuta vikawa tundu tupu, mchanga ukiingia kwa raha zake. Mpira ulipoadimika, tulijaza matairi kamba za makumbi, na mwenye kupanda akafika kazini meno yote yakimcheza. Pedeli zikaja na vipande vya mti pahali pa mpira. Wateja walimlaumu Seth Hasanali, naye akainua mikono, akasema vita si vyake.

Kilichotutesa zaidi ni pini. Pini ya wakati wa vita ilikuwa laini, tena nyembamba kuliko ile ya kwanza kwa unywele mmoja. Unywele mmoja kwa macho si kitu, lakini kwenye tundu la chuma ni msiba. Unaipiga nyundo mara tatu inalala, mkono wa pedeli unaanza kucheza, na ukicheza unakula tundu lake mpaka linapanuka. Hapo hata uletewe pini ya kiwandani itapita kama kidole kwenye pete ya mtu mnene. Mafundi wengine walizungushia bati la mkebe wa samli. Fundi Shee aliona aibu kufanya hivyo. Nyumba moja kuukuu ilikuwa imebomolewa mtaani, na mlango wake ulikuwa na misumari minene ya zamani, chuma ambacho hakijui kuchoka. Akaiomba, akaibana mmoja mmoja kwenye jiriwa, ile koleo kubwa ya mezani, akaichonga kwa tupa ikawa pini. Kila pini ilichongwa kwa tundu lake, na haikufaa tundu jingine lolote duniani. Alinifundisha kazi hiyo kwa kunitukana, na alinifundisha vizuri.

Vita vilipokwisha weupe ulirudi, lakini mwembamba, unachubuka mwaka wa pili. Pini zikaja nene tena, wala si nene kama zile za kwanza. Mwingereza alishinda vita, nadhani habari haikufika kiwandani siku moja kwa watu wote. Ndiyo sababu, enyi mlioniuliza, pini ya hii haiingii kwenye ile. Swali lenu nimelijibu, na anayetaka kuishia hapa aishie.

Katika miaka ile ya shida Fundi Shee alijiungia baiskeli yake mwenyewe. Fremu ilikuwa ya kabla ya vita, aliiokota imepinda, akainyoosha. Usukani ulikuwa mweusi wa wakati wa vita. Kitovu cha nyuma kilikuwa cha gia tatu, kimetupwa na mteja kwa kuwa kimejaa kutu ndani. Fundi alikiloweka kwenye mafuta ya taa siku nyingi, na baadaye akapata vipuri vyake vipya meli zilipoanza kuja. Ilikuwa baiskeli ya mafundi wote, kila kiungo kina mwaka wake. Mkono mmoja wa pedeli ulishikwa na pini yake ya msumari.

Mwaka mmoja hivi baada ya vita, Mzungu mmoja wa serikali aliibiwa baiskeli mbili barazani kwake siku moja, yake na ya mkewe. Yake ilikuwa ya gia tatu, fremu ya kabla ya vita. Askari wakapita mjini wakitazama baiskeli za watu, na wakaiona ya Fundi Shee imeegemea ukuta wa msikiti, mwenyewe yumo ndani anasali alasiri. Alipotoka wakamshika na viatu vyake mkononi.

Kesi ilisikizwa asubuhi, na mimi niliitwa shahidi kwa sababu meza yangu ilikuwa jirani na yake. Seth Hasanali aliniambia njiani, "Mbwana, jibu unaloulizwa, usizidishe. Duka lina leseni." Hakimu alikuwa Mzungu. Mkalimani aliitwa Zakayo, Mkristo wa kutoka bara, mtu wa miaka thelathini hivi, kola imepigwa pasi, Kiswahili chake cha shule, safi, kila neno limesimama peke yake. Mwendesha mashitaka akaionyesha baiskeli kiungo kwa kiungo. Fremu ya mwaka huu, usukani wa mwaka ule, kitovu cha gia kina vipuri vipya. Mtu wa halali, akauliza, anapata wapi baiskeli ya miaka mitatu tofauti? Pale mahakamani hakuna aliyewahi kutengeneza baiskeli isipokuwa mimi na mshitakiwa, na swali lile likaonekana la maana sana.

Fundi Shee hakutishika. Alikuwa na hoja moja, na hoja yenyewe ilitosha. Sasa lazima niwaeleze neno, kwa kuwa nyinyi wengi si wa hapa. Sisi watu wa Mvita, Mombasa ya asili, upande wa kulia twauita kuume, na wa kushoto kuke. Mkono wa kuume ndio wa kulia chakula, mkono wa kuke ndio ule mwingine. Hakuna mwanamke wala mwanamume hapo, ni pande mbili za mwili tu.

"Mwambie bwana hakimu," akasema Fundi Shee, "aitazame pini ya kuke. Nimeichonga mwenyewe kwa tupa. Na tundu lake lilikuwa limeliwa, nimelipanua mimi. Aletewe pini yoyote ya dukani aitie pale, itapita mpaka tini, sakafuni."

Zakayo alisita. "Ya kike?"

"Ya kuke, ndiyo," akasema Fundi, akidhani mwenzake ulimi ni mzito.

Zakayo akageuka, akasema kwa Kiingereza kwamba mshitakiwa anaomba itazamwe pini ya baiskeli ya mwanamke, ambayo aliikata mwenyewe. Hakimu akainua kichwa. Akauliza: ya mwanamke? Zakayo akasema ndivyo anavyosema. Yule Mzungu aliyeibiwa akamgeukia mkewe. Hakimu akaandika, akaandika kwa muda mrefu, na habari ya tundu na ya pini ya dukani Zakayo aliifasiri, lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza tena. Kwao mtu amekwisha kukiri kwa kinywa chake kwamba aliivunja baiskeli ya memsahibu akachukua vyuma. Fundi Shee alisimama pale ametulia, anasubiri pini iletwe.

Mimi nilielewa. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu vya vipuri na cha ubavuni mwa masanduku, lakini baiskeli ya kiume na baiskeli ya kike ndiyo maneno ya kwanza ambayo fundi huyasoma, asije akafungua sanduku si lake. Nilijua alichosema Fundi na nilijua kilichoandikwa, na katika chumba kile nilikuwa mtu peke yangu niliyejua yote mawili. Ndipo nikaitwa.

Je, naijua baiskeli hii? Nikasema namwona Fundi akiipanda. Tangu lini? Nikasema sikumbuki vizuri. Zakayo akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Hakimu anasema, una la kuongeza?"

Nikasema, "Sina."

Mtasema niliogopa. Niliogopa, ndiyo, kumsahihisha mkalimani mbele ya hakimu Mzungu hakukuwa mchezo siku zile. Mtasema Seth alinikataza, na kweli alinikataza. Yote hayo nimejiambia miaka na miaka. Lakini ile meza ya Fundi Shee ilikuwa mlangoni, penye mwanga, na jiriwa yake ilikuwa ya chuma cha zamani, na wateja wa maana walikwenda kwake moja kwa moja wakinipita mimi kama gunia. Niliitaka. Wakati ulimi wangu ulipokuwa ukitamka "sina", nilikuwa naiona ile meza. Mwenyezi Mungu yuajua, na sasa na nyinyi mnajua.

Alifungwa mwaka mmoja, kazi ya kuvunja mawe. Alipopelekwa alikuwa bado ananitazama, si kwa kunilaumu, ila kwa kuuliza kuna nini, mbona pini haikuletwa. Kesho yake Seth Hasanali akaniambia, "Mbwana, hamia pale mlangoni, kazi isisimame." Nilikuwa nimehamia kabla ya adhuhuri.

Siku ya nne, Zakayo alikuja dukani akiisukuma baiskeli yake. Haikuwa na ubovu wowote.

"Hodi, Bwana Mbwana. Nimekuja kuuliza neno."

"Karibu. Uliza."

"Jana mama anayeniuzia mahamri amenigombeza. Ameniambia, pokea kwa mkono wa kuume, si wa kuke. Sikulala." Akaniegemezea baiskeli mezani. "Kuke ni nini?"

Nilikuwa na tupa mkononi, nikaendelea kupiga tupa. "Kushoto," nikasema.

Akakaa juu ya sanduku la matairi. Nilipoinua macho nikaona kola yake imelowa jasho. "Na wewe ulikuwapo," akasema. "Kiingereza unakijua?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikairudia tupa yangu. Hakurudia. Ni mtu aliyezoea kungoja majibu ya watu, na lile aliliona limejibiwa. Akasimama, akajipangusa suruali. "Basi twende. Mimi nitasema nimekosea, wewe mzaliwa utathibitisha neno. Nikienda peke yangu watasema nimepewa kitu. Twende sasa, kabla sijaogopa."

"Mzigo umefika leo, Zakayo." Na ulikuwa umefika kweli, masanduku sita ya vyuma vyeupe vya baada ya vita, vya kwanza kuviona tangu zamani, vinameremeta ndani ya karatasi zake. "Seth hataniruhusu."

Akayatazama masanduku. Akaitazama meza, akanitazama mimi nilipokaa. Nadhani ndipo alipojua yote. "Nitakwenda peke yangu," akasema, na akaenda.

Alikwenda, na yalimpata aliyoyasema. Wakubwa wa mahakama waliambiana kwamba mkalimani anayekiri kukosea hafai kuwa mkalimani, na anayekiri kwa faida ya mfungwa huenda amehongwa. Hukumu haikuguswa. Zakayo aliondolewa mahakamani, akaishia bohari moja Mbaraki kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Na mji nao haukumhurumia. Pale tulipokuwa tukinywa kahawa watu walisema, "Yule wa bara alihongwa amfunge, kisha akahongwa amfungue." Mimi nilikuwa nimekaa papo hapo. Nilipuliza kikombe changu, nikanywa.

Huo mwaka nilifanya kazi nzuri sana, niwaambie ukweli. Nilizijua pini zote tatu, ya kwanza, ya vita na ya baadaye, nikizitambua kwa kidole tu. Nilifunga vitovu vipya vya gia, nilifunga breki za waya zilipoanza kuzifukuza zile za vyuma. Wateja wa maana waliniita fundi. Mikono yangu ilikuwa ya Fundi Shee kabisa, hata namna ya kushika tupa, na kila nilipoishika nilijichukia, kisha nikaendelea, kwa kuwa kazi ni kazi na tumbo halina haya.

Fundi Shee alipotoka hakuja dukani. Seth Hasanali alimtumia salamu, akazipokea, hakuja. Alitandika gunia kando ya Marikiti, akaweka nyundo, spana mbili na karai la maji la kutazamia mpira uliotoboka. Mawe yalikuwa yamemwachia kidole kimoja kisichokunjika. Watu wakaja taratibu. Kila nilipopita kwa mbali niliiona baiskeli ya Zakayo pale, na Zakayo mwenyewe amechuchumaa kando yake, wanazungumza. Sikujua watu wawili wale wana nini cha kuzungumza siku nyingi hivyo. Au nilijua.

Ilinichukua miezi kwenda. Nilijiambia siwezi kwenda mikono mitupu, nikailegeza mwenyewe pini ya baiskeli yangu, upande ule ule, nipate sababu ya kusimama mbele yake. Maneno niliyatayarisha njiani: Fundi, niwie radhi, nilisikia, nilielewa, nilinyamaza. Niliyarudia mpaka Marikiti.

"Asalaam aleikum, Fundi."

"Waaleikum salaam, Bwana Mbwana. Karibu."

Hata aliponitukana zamani aliniita mwanangu. Sikuwahi kuwa bwana kwake.

"Ina nini?" akauliza.

"Pini imelegea."

"Ya upande gani?"

"Ya kuke."

Alikuwa ameinamia gurudumu la mtu mwingine. Akaliweka chini, akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mahakamani.

"Sema ya kushoto, bwana," akaniambia. "Watu wasije wakakusikia vibaya."

Yale niliyoyatayarisha sikumwambia siku ile, wala siku nyingine mpaka amekufa. Akaishika pini, akaigeuza vidoleni, akaona kwamba imelegezwa kwa spana wala haikulegea, akairudisha. Akaigonga mara moja. Akanikabidhi baiskeli, akaliokota lile gurudumu la yule mtu mwingine. Nikapanda, nikarudi kazini, kwenye meza yake.